Sauti ya Pili ya Mwanamke Kwenye Saa ya Mashabiki

Ikifika saa sita mchana Loretta Skowron alikuwa anazima cherehani. Suruali ya mtu ingebaki mguu mmoja mfupi na mmoja mrefu, na mwenye suruali amesimama kaunta anasubiri, yeye haimhusu. Saa sita ni Saa ya Mashabiki, kipindi cha redio ya kwetu hapa Dunmoor, Ohio, na Loretta alianza kupiga simu kwenye kipindi kile kabla hata mtangazaji wake wa sasa hajaajiriwa.

Mimi nilikuwa kwenye pasi, nyuma yake. Tumefanya kazi pamoja kwenye duka lile la kufua na kushona nguo tangu nilipoingia mji huu nikiwa sijui theluji inakanyagwaje. Mengi ninayoyasimulia niliyaona kwa macho yangu. Yaliyobaki alinieleza mwenyewe, maana Loretta hana tumbo la kuweka siri, hata ile inayomwaibisha.

"Rudy, nisikilize," angeanza, simu kaibana kwa bega, pini bado ziko mdomoni. "Mtu analipwa mamilioni, anakwambia leo anapumzisha goti. Goti limefanya nini? Mimi nikipumzisha la kwangu, suruali za mji huu nani atazipinda?"

Siku nyingine zamu ya vyuo. "Hawa watoto siku hizi wanahama chuo kila mwaka kama wapangaji wanaokimbia kodi. Unanunua fulana yenye jina lake, hujaifua mara mbili, keshavaa ya wapinzani!"

Na mechi za mataifa zikichezwa, ananigeukia mimi, mpenzi wa soka. "Mona, wewe una akili zako. Wanaume ishirini na wawili wanahangaika saa nzima na nusu, wanatoka bila kwa bila, halafu mnakumbatiana! Mnasherehekea nini?" Ananiita Mona kwa sababu Mwanaidi lilimshinda kulitamka siku ya kwanza, na hakujaribu tena. Nikianza kumweleza habari ya soka, yeye keshawasha cherehani.

Rudy Halvorsen, mtangazaji, alimwita Malkia. Cheo hicho hakukipata kwa kuokota. Alipoanza kupiga simu, zamani, wanaume walimcheka. Mmoja alimuuliza hewani kama mume wake amempa ruhusa ya kushika simu. Loretta akamjibu, "Mume wangu yuko jikoni anamenya viazi. Wewe niambie, kwa nini timu yako haijafunga tangu Krismasi?" Mji mzima ulicheka, na tangu siku hiyo akawa mwanamke pekee kwenye kipindi. Mume wake, Walt, alishafariki. Watoto hawakujaaliwa. Alikuwa na dada mmoja tu, Bernadette, aliyemzidi miaka saba, na huyo Loretta alimwona mtu wa kwaya na maua ya altare, asiyejua mpira una pembe au ni mviringo.

"Mimi ndiye niliyekaa miguuni kwa baba akisikiliza mechi," alikuwa akiniambia. "Baba alitamani mtoto wa kiume. Akapata mimi."

Basi mwezi wa kwanza, baridi imekaza, ikaingia sauti mpya. Wapigaji walikuwa wanabishana kama ni halali wachezaji wa vyuo kulipwa. Mwanamke mmoja akasema, taratibu, kama anayeomba chumvi mezani:

"Naitwa Francine Dabek. Nina miaka sabini na sijawahi kupiga simu redioni. Mimi nilicheza mpira wa kikapu nikiwa msichana, timu ya parokia, kwenye ukumbi wa chini ya kanisa. Kulikuwa na nguzo katikati ya uwanja. Ukikimbia bila kutazama, unavunja pua. Hakuna aliyetulipa, gazeti halikutuandika, mama zetu wenyewe hawakuja kututazama. Kwa hiyo hawa wasichana wa chuo cha Marlow wakipata chochote, mimi napiga makofi. Aliyecheza bure ndiye anayejua bure inagharimu nini."

Kisha Rudy, ambaye kazi yake ni kupayuka, akasema kwa sauti ya chini, "Mama Francine, kesho utatupigia tena?"

Loretta akatoa pini mdomoni moja moja, akazichoma kwenye kitambaa. "Umesikia? Mimi hajawahi kuniuliza kama kesho nitapiga."

"Kwa nini akuulize? Anajua utapiga."

"Ndiyo hiyo shida yenyewe, Mona."

Francine akapiga kesho yake, na kesho kutwa. Hakuwa mbishi. Ubaya zaidi, alikuwa na adabu. "Nakubaliana na dada Loretta," alikuwa akisema, au, "Dada Loretta ameliona vizuri, mimi nitaongeza dogo tu." Na hilo dogo ndilo watu waliondoka nalo. Wateja walikuja kuchukua nguo zao wakirudia maneno ya Francine mbele ya Loretta, tena wakimsifia. "Yule mama wa nguzo katikati ya uwanja, umemsikia? Ana maneno!" Loretta anawapa mfuko wao na chenji, midomo imebana.

Nimezaliwa kwenye nyumba ya wake wenza, kwa hiyo najua mke mkubwa anavyokuwa mwenziwe anapoletwa. Hanuni. Anakosoa chumvi. Loretta naye akaanza kukosoa chumvi. Francine akisifu ulinzi wa timu ya wasichana wa chuo cha Marlow, ambayo mji mzima tunaiita Korongo, Loretta anapiga simu kusema Korongo hawajui kulinda. Yeye huyo huyo niliyemsikia Desemba akisema wasichana wale wanalinda kuliko wanaume wanaolipwa! Nilipomkumbusha, aliniambia nishughulike na kola za mashati. Akaanza kupiga simu kabla kipindi hakijaanza, anangoja kwenye laini na simu begani, ili asitanguliwe.

"Alicheza," alinung'unika siku moja, ghafla, wala hatukuwa tunazungumza habari hiyo. "Kila sentensi, nilicheza, nilicheza. Mimi nani angenichezesha? Baba alisema msichana akikimbia mbele za watu anaonekana punda."

Mwezi wa tatu Korongo wakaingia kwenye mtoano. Rudy akatangaza kwamba kipindi kitafanyika ukumbini Marlow, siku ya mechi, mubashara, na mezani pake atakaa mgeni mmoja kutoka miongoni mwa wasikilizaji. Loretta alikuwa anapinda gauni la harusi. Nilimwona akinyoosha mgongo, kama mtu anayejua jina lake linakuja.

"Mgeni wetu," akasema Rudy, "atakuwa Mama Francine Dabek!"

Sindano ikaingia kidoleni. Hakupiga kelele. Tone la damu likaanguka kwenye pindo jeupe, likatambaa. Nilikimbia na maji baridi na chumvi, tukasugua mimi na yeye, vichwa vimegusana, na machozi yake yakadondokea pale pale tunaposugua.

"Ni kidole," alisema.

"Najua," nikamwambia.

Ijumaa ile, kwa kuwa ilikuwa Kwaresima, parokia ya Mtakatifu Kazimiri ilikaanga samaki, kama kila mwaka, kwenye ukumbi ule ule wa chini ya kanisa, wenye nguzo katikati. Nilikwenda na Loretta. Hakula. Alizunguka meza hadi meza na sahani mkononi, akiwauliza wazee: mnakumbuka timu ya wasichana hapa? Zamani, kabla ya kina sisi?

"Wasichana? Ukumbi huu?" Stan Brozek, aliyecheza timu ya wavulana, alicheka mpaka akakohoa. "Labda walicheza bingo!"

Wote wakasema hivyo hivyo. Aliporudi mezani, uso ulikuwa umemng'aa kuliko nilivyouona tangu mwaka uanze. Sikupenda mng'ao ule.

Jumatatu alikuwa wa kwanza kwenye laini. "Rudy, mgeni wako anatudanganya. Nimeuliza wazee wa Mtakatifu Kazimiri mmoja mmoja. Hapakuwa na timu ya wasichana. Hajacheza popote. Ni hadithi tu ya kutafutia huruma."

"Malkia, hilo ni neno zito."

"Zito, lakini la kweli."

Kumbe Francine naye alikuwa kwenye laini. Rudy akamfungulia. Tulisikia pumzi yake kwanza. "Loretta," akasema, safari hii bila dada, "hao wazee uliowauliza, ni wanaume?"

"Ndio waliokuwa wakicheza hapo."

"Haya, sawa," akasema Francine. Simu ikakatika.

Hakupiga tena wiki ile. Akamtumia Rudy ujumbe kwamba haji Marlow. Rudy akampigia Loretta dukani, nje ya kipindi, akamwambia kiti kiko wazi kama anakitaka. Alisema "kama unakitaka" kama mtu anayekupa koti alilolivaa mwenziwe aliyekufa. Loretta akakikubali. Siku hiyo alikula donati mbili na akaimba. Kesho yake wapigaji wakaanza. Hawakumtukana. Walimuuliza tu. "Malkia, kulikuwa na haja gani?" aliuliza dereva mmoja wa malori, mtu mpole. Na mwingine, "Mama wa watu alikuwa anakusifia kila siku." Akazima redio kabla ya saa saba. Nilikuwa sijawahi kumwona akizima redio.

Jumapili gari lake lilikuwa kwa fundi, nikampeleka mimi kwa Bernadette, kwenye nyumba ya kutunzia wazee iliyo nje ya mji. Bernadette alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, vidole vimepinda kwa baridi yabisi, nywele zimechanwa vizuri. Hata hatujakaa, akasema:

"Nimesikia redioni umemwita Francie mwongo."

"Wewe unasikiliza Saa ya Mashabiki?"

"Nasikiliza miaka yote. Nakusikiliza wewe. Kwa nini umemwita mwongo?"

"Unamjua?"

"Nilicheza naye," alisema Bernadette. "Mimi natoa pasi, yeye anafunga. Alikuwa anatumia mkono wa kushoto, wakashindwa kumkaba. Parokia nzima ya Mtakatifu Hedwig walilia siku tulipowafunga."

Loretta alibaki amesimama na koti lake. "Wewe ulikuwa kwenye kwaya."

"Kwaya Alhamisi. Mpira Jumatano. Baba alikuwa hajui tofauti, alisikia kanisani, akaridhika. Sista Klotilda ndiye aliyekuwa kocha. Alikuwa anafunga kanzu yake kiunoni kwa kamba."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa na miaka kumi, Lori, nawe ulikuwa ulimi wa baba. Ulichokiona mchana, yeye alikuwa nacho kabla ya chakula cha jioni. Ningekwambia, Jumatano zangu zingekwisha."

"Na baadaye? Baba kafa zamani! Miaka yote hii?"

Bernadette alitazama mikono yake. "Baadaye wewe ndiye ukawa mtu wa mpira. Mji mzima unakujua. Nikaona hicho ni chako, nikuachie."

Nilidhani Loretta atalia pale pale. Hakulia. Alimbusu dada yake kwenye paji la uso, haraka, kama mtu anayelipa nauli, akatoka. Ni ndani ya gari ndipo yalipomtoka.

"Aniachie!" alisema. "Umesikia? Aniachie, kama kiatu kilichombana! Mimi nilikaa miguuni kwa baba nahesabu pointi za wanaume, najiona mimi ndiye mtoto wake wa kiume. Na yeye anacheza. Jumatano ilikuwa siku ya katekisimu, Mona. Mimi niko juu kanisani nakariri amri za Mungu, dada yangu yuko chini ya miguu yangu anacheza mpira!"

Nikamwambia pengine ni vizuri kwamba angalau mmoja wao alicheza.

"Endesha gari," akasema.

Wiki ile alikuwa mtu wa kuogopwa. Wivu uliokuwa kwa Francine sasa ulihamia nyumbani, na wa nyumbani ni mkali zaidi, maana huwezi kuuzimia redio. Alipasua zipu nzima ya jaketi kwa sababu ilikwama. Simu ya dada yake ilipoita, hakupokea. Aliniuliza mara mbili kama Bernadette anaweza kuwa anasema uongo, na mara zote mbili akajijibu mwenyewe: hapana, hajawahi kusema uongo, na hilo ndilo baya kuliko yote.

Siku mbili kabla ya mechi, saa sita ilipofika, akazima cherehani. Nilijua kabla hajagusa simu.

"Saa ya Mashabiki, uko hewani."

"Rudy, mimi Loretta. Nilisema Francine Dabek ni mwongo. Si mwongo. Timu ilikuwapo. Dada yangu wa tumbo moja, Bernadette, alicheza naye, na amenieleza kwa kinywa chake. Niliwauliza wanaume peke yao kwa sababu nilijua watanijibu ninachokitaka."

Rudy akauliza, bila kebehi, "Kwa nini, Malkia?"

"Kwa wivu. Unataka nikutafutie sababu nzuri zaidi? Sina. Kiti ni chake, mimi sikitaki. Na Korongo wanajua kulinda, nilisema uongo na hilo pia."

Akakata simu, akawasha cherehani, akashona moja kwa moja kwenye hewa, maana hakukuwa na nguo chini ya sindano.

Jioni akampigia Francine nyumbani. Nilikuwapo, alitaka niwepo. Aliomba msamaha kwa sentensi fupi fupi. Francine alimwacha amalize, kisha akauliza swali moja: "Bernie yuko hai?"

"Yuko hai."

"Mlete Marlow. Akija, nami nakuja." Juu ya msamaha hakusema kitu.

Siku ya mechi ukumbi wa Marlow ulijaa mpaka ngazini, watu wamejipaka rangi ya buluu usoni. Mimi nilisukuma kiti cha Bernadette, Loretta akatufungulia njia kwa viwiko. Meza ya Rudy ilikuwa kando ya uwanja. Francine alikuwa ameshakaa, mwanamke mdogo mwenye sweta la kijani, na alipomwona Bernadette alisimama, akainua mkono wa kushoto juu, kiganja wazi, kama anayeomba pasi. Bernadette akasukuma hewa kwa mikono yake miwili iliyopinda. Francine akaudaka mpira usiokuwapo, akaja kumkumbatia, na wakakaa hivyo muda mrefu, wanaongea maneno ambayo sikuyasikia, wanacheka, wanafutana machozi.

Loretta alikuwa amesimama nyuma yao, makoti matatu mikononi.

Rudy aliwavalisha wote wawili vidude vya kusikilizia. Wakasimulia nguzo, wakasimulia Sista Klotilda na kamba yake, na watu waliokuwa karibu wakasogea kusikiliza. Bernadette aliposema waliwashinda Mtakatifu Hedwig kwa pointi nne, Francine akamsahihisha, sita, wakaanza kubishana. Loretta akafungua mdomo. Nilimwona. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na mabishano ya mpira ambayo hakuwa na lake la kusema, kwa sababu hakuwepo. Akaufunga.

Katika mapumziko Francine alimgeukia. "Loretta, sijakusamehe bado. Lakini nitakusamehe, nipe muda. Wewe unaonaje, kocha amtoe yule mrefu?"

"Asimtoe!" Loretta alijibu kabla swali halijaisha. "Ana makosa matatu tu, na akitoka chini ya kikapu kunabaki soko, kila mtu anaingia."

"Hata mimi naona hivyo," akasema Francine, akamsogezea kipaza sauti.

Kocha alimtoa. Korongo wakafungwa kwa pointi mbili. Wasichana walitoka wakilia, na ukumbi mzima ukasimama kuwapigia makofi hadi wa mwisho akaingia ndani. Bernadette alipiga makofi kwa vifundo, maana viganja vilikuwa havifunguki.

Njiani kurudi, Bernadette amelala kiti cha nyuma, Loretta aliniambia kwa sauti ya chini, "Umeona alivyomkumbatia? Dada yangu hajawahi kunikumbatia vile."

"Na wewe umewahi?"

Akageuka, akamfunika dada yake koti.

Siku hizi Francine anapiga simu redioni anapojisikia, na Loretta anapiga kila siku. Wanabishana kuhusu kila kitu: mishahara, marefa, Kombe la Dunia. Francine analipenda soka, nami nimepata mtetezi. Wakishamaliza hewani wanaendelea kwenye simu zao. Lakini Francine akisema "tulipokuwa tunacheza," mkono wa Loretta bado unasimama juu ya kitambaa. Mimi huona.

Jumapili iliyopita nilimpeleka Loretta tena kwa Bernadette. Alichukua soksi za dada yake kutoka kwenye droo, akazikunja zikawa mpira, akaziweka mapajani pa Bernadette, akarudi nyuma mpaka mlangoni.

"Nionyeshe," alisema. "Ulivyokuwa unatoa pasi."

Bernadette alizisukuma kwa mikono yote miwili, polepole, lakini zilikwenda moja kwa moja. Zikampiga Loretta kifuani, zikaanguka.

"Fungua mikono mapema," Bernadette alimwambia. "Usingoje mpira ufike."

Loretta akainama, akaziokota soksi, akamrudishia.

"Tupa tena."